Maharagi ya posho, chakula cha juma zima
Sisi walimu tunarudi nyumbani saa nane, watoto wana njaa, na maharagi bado yanadai makala mengi kwenye mbabula. Kwa hiyo tunapika sufuria kubwa mara moja, siku ya posho.

Usiku wa ijumaa tunayaloweka; asubuhi tunamwaga maji yale. Yakiiva, tunayapoza na kuyagawa katika vyombo vidogo, kila kimoja mlo mmoja. Kabla ya saa mbili kupita, tunavitia kwenye barafu ya frigo.

Umeme ukikatika, tusifungue mlango. Yakiyeyuka lakini bado ni baridi, tuyachemshe vizuri na kuyala siku hiyo. Yakipata joto kwa muda mrefu, tuyamwage. Makala yatauma, lakini tumbo la mtoto linauma zaidi.