Kaole: soko la kalamu kando ya magofu

KAOLE, Bagamoyo – Ukitaja biashara ya Bagamoyo, wengi hufikiria samaki, nazi na chumvi. Lakini ardhi ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, imezaa soko jingine lisilo na meza wala mizani. Kigae cha chungu cha kale ni mali ya taifa, hakiuzwi. Kinachouzwa ni kazi ya kukichora, kuhariri taarifa yake na kushauri hadi kitabu kitoke.

Mahitaji yapo. Magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi ya nguzo, yalichimbwa na Neville Chittick mwaka 1958. Baadaye Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti hapo, na makala yake ikatoka mwaka 2002. Huko Kilwa, Chittick alianza kuchimba mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini kitabu chake cha juzuu mbili kilitoka Nairobi mwaka 1974. Juzuu moja nzima ni ya vitu vilivyopatikana. Shimo lisiloandikiwa kitabu ni hasara tupu, maana udongo uliokwisha kuchimbwa hauchimbwi mara ya pili.

Mchoraji huweka mdomo wa kigae juu ya karatasi yenye duara nyingi ili kujua upana wa chungu kizima. Kisha huchora nusu moja ikionyesha unene, na nusu nyingine ikionyesha nakshi za nje. Mhariri huhakikisha namba ya mchoro inalingana na maelezo, na huandaa faharasa.

Kwa mwenyeji ipo nafuu moja kubwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu vitu hivyo kutolewa nchini bila kibali. Kwa hiyo mchoraji aliye karibu na ghala ana kazi ambayo wa ng'ambo hawezi kuifanya bila kupanda ndege.

Tatizo ni bei. Wengi hukubali malipo ya jumla kabla ya kuhesabu vigae. Chukua mfano: vigae 200, kila kimoja saa moja ya penseli na wino, ni saa 200, yaani siku 25 za saa nane. Bado marekebisho. Ukikubali malipo ya wiki mbili, umejipunja nusu.

Ushauri wetu: andikiana mkataba kabla ya kushika kalamu. Taja idadi ya michoro, marekebisho mangapi yamo katika bei, malipo ya awali, na jina lako kuandikwa kitabuni. Uliza pia kipimo cha uchapaji. Mstari wa nusu milimita ukipunguzwa nusu hubaki robo, na nakshi hupotea.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeliandika daftari hilo naye alipwe.