Tuyajue Mabomba ya Nyumba Zetu

Mwenye nyumba afunguapo bomba alfajiri na kuona maji yenye rangi ya chai, huwa mwepesi wa kumlaumu mgawa maji. Pengine lawama ni ya haki. Lakini mabomba yaliyo ndani ya dira ni juu yake mwenyewe, na wengi wetu hapa Songea hatujui yametengenezwa kwa kitu gani.

Kulitambua bomba si kazi ya mhandisi. Yatosha sumaku ndogo na kisu. Safisha sehemu moja ya bomba, kisha iguse kwa sumaku. Ikinasa, hilo ni bomba la chuma, ambalo kwa kawaida hupakwa zinki. Zinki huisha kwa miaka, kutu ikaota ndani, tundu likawa jembamba na maji yaliyolala usiku kucha yakatoka mekundu. Sumaku isiponasa, kwangua kidogo. Ukiona wekundu wa senti mpya, ni shaba. Likiwa laini kwa kisu na kung'aa kama fedha, hiyo ni risasi, nalo halifai kabisa kwa maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Nyumba mpya, ziwe za Msamala au Ruhuwiko, aghalabu hutumia plastiki. Bomba jeusi lenye mstari wa buluu ndilo la kufukiwa ardhini. Lile gumu la kijivu huunganishwa kwa gundi, wala halivumilii maji ya moto. Likiachwa juani hukauka na kupasuka. La kijani au jeupe, linalounganishwa kwa kuyeyushwa, ndilo la maji ya moto.

Taabu kubwa ni nyumba za mchanganyiko, ambamo kila fundi aliunga kipande alichokuwa nacho. Shaba ikiungwa moja kwa moja na chuma, chuma huliwa upesi.

Mwaka 2014 mji wa Flint, Marekani, ulibadili chanzo cha maji, na maji mapya yakala mabomba ya risasi. Viongozi hawakujua kwa hakika ni nyumba zipi zilizokuwa nayo, huku watoto wakiendelea kunywa.

Tunawaomba mafundi wetu wamwandikie mwenye nyumba aina ya bomba na lilikopita, naye aihifadhi karatasi hiyo pamoja na hati ya kiwanja.