Kakao ya moto yageuzwa kitafunio kikavu: Tuijue kazi yake kabla ya kuiga

KUISHI kwingi ni kuona mengi. Kakao, kinywaji ambacho wengi wetu tumekizoea kikiwa ndani ya kikombe kikifuka moshi, sasa katika baadhi ya nyumba za Marekani na Kanada chageuzwa kuwa kitu cha kutafuna. Hupikwa kama kawaida kwa maziwa na sukari, kisha hugandishwa kikawa barafu, halafu barafu ile huondolewa maji yake yote bila ya kuyeyuka. Kinachobaki ni vipande vyepesi mithili ya pamba, ambavyo huvunjika mdomoni kama biskuti kavu na baada ya kitambo kidogo vikarudi kuwa kakao juu ya ulimi. Mwenye kutaka hutafuna. Mwenye kutaka hutia vipande viwili vitatu katika kikombe, akamimina maji ya moto, akakoroga na kunywa.

Siku hizi hakuna jiko la mbali. Habari za vitafunio hivi huingia majumbani kwa njia ya simu, na mwenye mkono mwepesi wa mapishi hukosa raha mpaka naye ajaribu. Si vibaya. Lakini kabla mtu hajafungua mkoba wake, ni vyema ajue kazi hii hufanywaje, ina manufaa gani, na ina mitego gani kwa mtu anayechunga halali na anayeishi katika hewa yetu hii ya bahari.

BARAFU ISIYOPITIA MAJI

Sote twajua kwamba barafu ikipata joto huwa maji, na maji yakizidi kupata joto huwa mvuke. Hiyo ndiyo njia kuu. Lakini iko njia ya mkato. Hewa ikipunguzwa sana, mpaka kani yake ikawa chini ya sehemu sita katika elfu ya ile tuliyo nayo hapa ufuoni, maji hayawezi tena kukaa katika hali ya umajimaji. Barafu hutoka moja kwa moja ikawa mvuke. Kwa kuwa hakuna maji yanayotiririka ndani ya chakula, umbo lake halisinyai wala halinywei. Mahali palipokuwa na barafu hubaki vitundu vidogo vidogo, na ndiyo sababu kitu hicho huwa chepesi na hunywa maji upesi kinaporudishiwa.

Asili ya elimu hii ni ya kale. Wenyeji wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, tangu enzi za mababu zao wamekuwa wakitandaza viazi nje usiku vikagandishwa na baridi kali ya milimani, mchana wakavikanyaga kwa miguu ili kuvikamua maji, na jua na upepo vikamaliza kazi iliyobaki. Viazi hivyo vikavu, viitwavyo chuño, hukaa miaka bila ya kuoza.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, njia ya mashine ilitumiwa kukausha utegili wa damu na dawa ya penisilini ili vifike kwa majeruhi vikiwa salama. Katika miaka ya 1960 ikaingia katika kahawa ya chembechembe na katika vyakula vya wanaanga. Hata hivyo, mashine zilibaki kuwa za viwanda na maabara. Ni katika miaka ya 2010 ndipo kampuni ya Harvest Right ya jimbo la Utah, Marekani, ilipoanza kuuza mashine ndogo ya kuweka nyumbani. Utah ni mahali ambapo jamaa nyingi, kwa mafunzo ya kanisa lao, zina desturi ya kuweka akiba ya chakula kwa siku za dhiki. Watu wakaanza na nyama, mboga na matunda, kisha wakahamia kwenye peremende na aiskrimu, na mwisho kakao nayo haikusalimika.

NAMNA INAVYOTENGENEZWA

Vipimo vyake si vigumu. Chukua lita moja ya maziwa, gramu 60 za sukari, gramu 30 za unga wa kakao, na chembe ya chumvi. Koroga kakao kwanza kwa maziwa machache mpaka iwe uji laini, kwani ukiimwaga yote kwa pamoja itafanya madonge. Chemsha maziwa yaliyobaki, tia uji huo na sukari, acha yachemke vizuri huku ukikoroga, kisha uyaepue. Mwenye kupenda hutia iliki iliyosagwa au mdalasini.

Ikipoa, mimina katika vibati laini vya silikoni vyenye vishimo, au katika sinia, isizidi kina cha upana wa kidole. Weka katika friza usiku kucha mpaka igande kabisa. Hapo ndipo huingizwa katika mashine. Mashine huishusha baridi mpaka kiasi cha nyuzi 30 hadi 40 chini ya sifuri, pampu hunyonya hewa yote iliyomo, kisha rafu hupashwa joto pole pole. Barafu huondoka ikiwa mvuke na kwenda kuganda upya katika kuta baridi za mashine. Kazi hiyo huchukua saa 24 hadi 40. Ukitaka kujua kama imekamilika, vunja kipande kinene kuliko vyote. Ndani yake kukiwa na ubaridi au ulaini, kirudishe.

Msomaji asishangae akiona alichopata ni kidogo. Maziwa karibu yote ni maji. Lita ile moja, pamoja na sukari na kakao yake, itatoa kiasi cha gramu 220 tu za kitafunio.

Wapo wanaoyeyusha chokoleti ya kipande na kuitia badala ya unga. Hapo huharibu kazi. Punje ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, na mafuta si maji: mashine haiwezi kuyatoa. Ni afadhali unga, ambao umekamuliwa sehemu kubwa ya mafuta kwa namna iliyoanzia Uholanzi, ambako Van Houten alipata hati ya shinikizo lake mwaka 1828. Sukari nayo ikizidi, vipande hunata, huvimba na kushikana. Na maziwa yenye malai mengi hupendeza kwa ladha lakini huchacha mapema, kwa hiyo anayeweka akiba ya muda mrefu hutumia maziwa yaliyoondolewa malai.

Kuna na wanaodai kwamba friza ya kawaida yatosha, mradi mtu awe na subira. Ni kweli kwamba barafu hupungua ndani ya friza, nasi huona nyama iliyokaa sana ikifanya mabaka meupe makavu. Lakini kwa kakao kazi hiyo itachukua wiki nyingi mno, na kabla haijakauka itakuwa imeshika harufu ya papa na nguru waliowekwa kando yake. Kuianika juani au kuitia katika joko pia si njia. Utapata kitu cha kunata kama tofi, wala si kile chepesi ulichokikusudia.

HALALI NA USALAMA

Kwetu sisi suala la kwanza si ladha. Wamarekani hupenda kutia juu ya kakao vidonge vyeupe laini viitwavyo mashmelo, na aghalabu katika vitafunio hivi huwamo. Mashmelo hushikwa kwa jelatini, na jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, ikiwa ni pamoja na nguruwe. Wanazuoni wamelizungumza jambo hili kwa urefu. Wako wanaosema kwamba kitu kikigeuka asili yake hukumu yake nayo hugeuka, na wako wasiokubali kwamba jelatini imegeuka kiasi hicho. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake. Lakini njia nyepesi iko: kuna mashmelo ya jelatini ya samaki au ya ng'ombe aliyechinjwa kwa sharia, yenye alama ya halali, na kuna yaliyoshikwa kwa agari itokanayo na mwani. Na anayeacha mashmelo kabisa hapungukiwi na kitu.

Jambo la pili ni vanila. Ile ya maji iuzwayo katika chupa mara nyingi huwa imetolewa kwa pombe. Soma kibandiko, au tumia ya unga. Iliki yetu inatosha.

La tatu ni maziwa yenyewe, na hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Mtu akiona kitu kimegandishwa na kukaushwa hudhani vijidudu vyote vimekufa. La hasha! Maabara hutumia njia hii hii kuhifadhi bakteria wakiwa hai kwa miaka. Kijidudu hulala tu, kikingoja maji. Maziwa mabichi yasiyochemshwa yakikaushwa hivi, kisha mtoto akapewa, ni sawa na kumpa maziwa mabichi.

La nne ni sukari. Mtoto akitafuna gramu 55 za vipande hivi, amekula robo lita nzima ya kakao tamu bila ya tumbo lake kuhisi. Kikombe hushibisha kwa sababu ya maji yaliyomo. Kipande kikavu hakina kizuizi hicho. Wazee walisema chovya chovya yamaliza buyu la asali. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari iwe na hadhari zaidi.

HEWA YA BAHARI NA GHARAMA

Utah ni nchi kavu. Mombasa, Lamu na Malindi si hivyo. Kitafunio hiki hunywa unyevu kama chumvi ya mawe wakati wa masika. Kikiachwa wazi, hupoteza mlio wake upesi na kugeuka ulimbo. Ni lazima kitiwe mara tu kinapotoka katika mashine ndani ya mifuko mizito yenye utando wa alumini, pamoja na kipakiti cha kunyonya oksijeni, na mdomo wa mfuko uunguzwe kwa joto. Mifuko ya plastiki ya kawaida hupitisha unyevu kidogo kidogo. Tena afadhali mifuko midogo, ili ukifungua mmoja umalizike siku ile ile.

Ama gharama, mashine ndogo huuzwa zaidi ya dola 2,000, yaani zaidi ya robo milioni ya shilingi zetu, kabla ya nauli na ushuru. Inanguruma, pampu yake ina matunzo, na inakula stima mchana na usiku. Stima ikipotea katikati ya kazi, barafu itayeyuka na kakao yako itakuwa tope. Kwa nyumba moja inayotaka vitamu vya watoto, hesabu hiyo haiingii akilini.

Lakini chama cha akina mama kikifanya shirika, maneno ni mengine. Kila msimu maembe ya ngowe huanguka na kuoza chini ya miembe katika sehemu nyingi za pwani kwa kukosa mnunuzi. Embe hukauka vizuri sana kwa njia hii na rangi yake haipotei. Mashine ya namna hiyo ifanye kazi ya maembe kwanza. Kakao iwe ni nyongeza yake ya miezi isiyo na matunda.

KWA ASIYE NA MASHINE

Asiye na mashine asijione amekosa. Kakao si mgeni katika nchi zetu: hulimwa Kyela, Tanzania, na Bundibugyo, Uganda. Na jiko la Kiswahili lina labania, ambayo yaweza kufanya kazi iyo hiyo kwa gharama ndogo. Chemsha kikombe kimoja cha sukari kwa nusu kikombe cha maji mpaka shira ifanye uzi baina ya vidole. Epua. Tia kijiko kimoja cha samli na iliki, kisha vikombe viwili vya maziwa ya unga uliyoyachanganya na vijiko viwili vya mezani vya kakao. Koroga upesi kabla haijashika, tandaza katika sinia iliyopakwa samli, na ukate vipande ingali na joto.

Labania hiyo haitakuwa nyepesi kama pamba, wala haitakaa miaka. Lakini hutafunwa, na kipande chake kikikorogwa katika maziwa ya moto wakati wa daku huwa ni kakao kamili, iliyotiwa sukari na iliki yake tayari. Anayetaka kuionja ladha ile kabla ya kufikiria kununua mashine na aanzie hapo. Asiporidhika, robo milioni yake ingali mfukoni.