Je, Wajua? Jeli ya Kunyolea Huchemkia Kiganjani
Bonyeza kopo: linatoka donge la buluu, zito kama dawa ya meno. Lisugue kidogo, mara limeumuka povu jeupe. Siri ni isopentani, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 28 hivi, chini ya joto la ngozi yako. Dar es Salaam ya Januari, wala haingoji kiganja!

Krimu ya tyubu haina mbwembwe hizo. Ni sabuni na mafuta; povu unalipiga mwenyewe kwa brashi na maji. Na maji ndiyo hasa yanayolainisha ndevu, kwa hiyo zilowanishe dakika mbili tatu kwanza. Ila kwa anayechonga ndevu, mimi ningempa jeli isiyo na rangi wala povu, aone wembe unapopita.