Savitribai Phule: Mwalimu Aliyekwenda Shule na Sari Mbili

Savitribai Phule alizaliwa tarehe 3 Januari, 1831, katika kijiji cha Naigaon, magharibi mwa India. Aliozwa angali mtoto wa miaka tisa hivi, hajui kusoma wala kuandika. Zama hizo watu wengi waliona kuwa kumsomesha msichana ni kuvunja mila. Mumewe, Jyotirao, hakukubali. Alimfundisha mkewe kusoma nyumbani, na baadaye Savitribai akapata mafunzo ya ualimu.

Mwaka 1848 mume na mke hao walifungua shule ya wasichana mjini Pune. Savitribai akawa mwalimu, naye ana umri wa miaka 17 tu. Upinzani haukuchelewa. Kila alipokwenda kufundisha, watu walimtukana njiani na kumtupia matope na kinyesi cha ng'ombe. Yeye alichukua sari ya pili. Afikapo shuleni huvua ile iliyochafuliwa, huvaa iliyo safi, kisha huanza somo. Mwaka 1849 baba mkwe wake aliwatoa nyumbani kwa sababu ya kazi hiyo. Hawakuiacha. Akifundisha pamoja na Fatima Sheikh, mwanamke wa Kiislamu, Savitribai aliendelea, na kufikia mwaka 1851 shule zilikuwa tatu, zenye wasichana wapatao 150.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1855 mwanafunzi wao, Mukta Salve, binti wa tabaka lililodharauliwa, aliandika insha juu ya mateso ya watu wake, nayo ikachapishwa gazetini.

Mwaka 1897, tauni ilipoenea Pune, Savitribai aliwahudumia wagonjwa pamoja na mwanawe wa kulea, Yashwant, aliyekuwa daktari. Aliambukizwa, akafariki tarehe 10 Machi mwaka huo.

Ndugu wazazi, sisi tukishanunua sare na madaftari hudhani tumemaliza wajibu wetu. Lakini wapo mabinti wanaoacha shule kwa sababu ya yale yanayowakuta njiani: maneno machafu, vishawishi, na hofu wasiyothubutu kuisema. Tuwaulize, nao wakisema tuwasikilize, tena tusiwalaumu. Nanyi akina baba, kumbukeni kwamba kazi ile yote ilianzia nyumbani, kwa mume aliyeketi na mkewe akamfundisha kusoma.