Kazi ya Mkutubi wa Skuli katika Mitaa ya Amani, Unguja

Miongoni mwa watumishi wa skuli za Unguja, mkutubi ni mmoja wa wale ambao kazi yao huzungumzwa kidogo kuliko manufaa yake. Mkutubi ni mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuchagua, kupanga, kutunza na kuazimisha vitabu, na taaluma yake huitwa ukutubi. Wazazi wengi humdhania kuwa mlinzi wa rafu anayewanyamazisha watoto, ilhali yeye ni mwalimu wa skuli nzima, kwa kuwa hakuna somo linaloweza kusomwa vyema na mtoto asiyejua kujitafutia maarifa kitabuni. Makala haya yanaieleza kazi hiyo jinsi inavyofanyika katika mazingira ya Amani na mitaa inayoizunguka, na yanatetea hoja moja: kwamba saa anazopewa mkutubi kufanya kazi yake zina uzito mkubwa kuliko idadi ya vitabu vilivyojazwa rafuni.

Amani na wanafunzi wake

Amani imo katika Wilaya ya Mjini, Mkoa wa Mjini Magharibi, upande wa Ng'ambo, mashariki ya Mji Mkongwe, na wageni wengi huifahamu kwa uwanja wake wa michezo uliofunguliwa mwaka 1970 na kufanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2023. Ni eneo la nyumba zilizosongamana, maduka na viwanda vidogo vidogo, na watoto wa umri wa kusoma ni wengi. Tangu Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, skuli za mjini zimepokea watoto kwa kasi iliyoushinda ujenzi wa madarasa, na matokeo yake ni utaratibu wa mikondo miwili, yaani kundi moja la wanafunzi kusoma asubuhi na jengine kuyatumia madarasa hayo hayo mchana. Skuli za ghorofa zinazojengwa Zanzibar tangu mwaka 2021, ambazo huwekewa chumba cha maktaba, maabara na chumba cha kompyuta, zimekusudiwa kuuondoa msongamano huo, lakini chumba kipya cha maktaba hakimfai mtoto mpaka apatikane mtu wa kukifungua na kukiendesha.

Wanafunzi wanaozungumziwa hapa ni wa ngazi ya kati, yaani wale wa madarasa ya mwisho ya msingi hadi Kidato cha Pili, ambao wengi wao wana umri wa baina ya miaka 11 na 15. Hiki ni kipindi kizito katika maisha ya mwanafunzi wa Zanzibar, kwa sababu ndani yake hutoka skuli ya msingi, hubadilishiwa lugha ya kusomea na kukabiliwa na mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Mtoto anayejenga tabia ya kusoma katika miaka hii huwa nayo maisha yake yote, na anayeikosa huipata baadaye kwa taabu.

Siku ya mkutubi

Kazi huanza kabla ya kengele ya asubuhi, pale mkutubi anapofungua madirisha ili hewa ipite, anapofuta vumbi na anapovirudisha rafuni vitabu vilivyoachwa mezani siku iliyopita, kila kimoja mahali pake, kwa kuwa kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kitabu kilichopotea. Baada ya hapo hupitia kadi za vitabu ambavyo muda wake wa kurejeshwa umefika. Katika skuli isiyotumia kompyuta kwa kazi hiyo, kuazimisha hufanywa kwa kadi: kila kitabu huwa na kadi yake ndani ya mfuko mdogo uliobandikwa kwenye jalada la nyuma, na kitabu kinapotoka, kadi hubaki kwa mkutubi pamoja na jina la msomaji, ndani ya kisanduku kilichopangwa kwa tarehe za kurejesha. Kwa utaratibu huo mkutubi huweza kusema wakati wowote kitabu kipo kwa nani na kitarudi lini.

Muda ndio unaombana zaidi. Darasa la wanafunzi 45 likiingia maktaba kwa kipindi cha dakika 40, na kila mmoja akihudumiwa kwa dakika moja tu, kengele italia foleni ikiwa bado haijakwisha, na hapo hakuna hata dakika iliyobaki ya kusoma. Kwa sababu hiyo wakutubi huwafundisha baadhi ya wanafunzi kuwa wasaidizi wa maktaba, ambao hupokea vitabu, hupiga muhuri wa tarehe na kuvirejesha rafuni, nao wakutubi wakapata nafasi ya kumsaidia mtoto asiyejua achague nini. S. R. Ranganathan, mtaalamu wa ukutubi wa India, aliweka mwaka 1931 kanuni tano za taaluma hiyo, na mojawapo inamtaka mkutubi aokoe wakati wa msomaji. Mahali penye mikondo miwili, kanuni hiyo ndiyo inayotawala siku nzima.

Saa za adhuhuri, wakati mkondo wa asubuhi unatoka na wa mchana unaingia, ndizo zenye harakati kubwa, kwa kuwa makundi yote mawili hukutana mlangoni kwa muda mfupi. Wanaotoka hawana wasaa wa kukaa, maana wengi wao hutarajiwa nyumbani na baadaye chuoni, yaani kwenye madrasa ya Kurani, na siku ya Ijumaa masomo humalizwa mapema kwa ajili ya sala. Mkutubi anayeijua ratiba ya maisha ya watoto wa Amani hupanga huduma zake kwa kuifuata, na huruhusu vitabu vitoke kwenda majumbani badala ya kuvifungia kabatini, kwa sababu nafasi ya kusoma ambayo mtoto haipati skuli huweza kuipata usiku nyumbani kwao.

Kupanga vitabu na kufundisha kuvitafuta

Kitabu kipya hakiingii rafuni moja kwa moja. Kwanza huandikwa katika daftari la mapokezi, hupigwa muhuri wa skuli, kisha huainishwa, yaani hupewa namba inayoonyesha mada yake. Utaratibu unaotumika zaidi duniani ni ule uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mwaka 1876, unaoyagawa maarifa yote katika mafungu kumi kuanzia 000 hadi 900. Hisabati imo katika 510, Uislamu katika 297, fasihi ya Kiswahili katika 896.392 na historia ya Zanzibar katika 967.81. Namba hizo zinaonyesha kuwa utaratibu ulibuniwa kwa rafu za Marekani, kwani vitabu vya dini na vya fasihi ya Kiswahili, ambavyo Unguja huombwa sana, vimepewa nafasi finyu au namba ndefu. Ndiyo maana mkutubi wa skuli hulazimika kuzifupisha namba au kuongeza alama za rangi mgongoni mwa kitabu, ili mtoto wa darasa la sita avione bila kuhangaika.

Kupanga vitabu hakutoshi, kwa hiyo mkutubi pia hufundisha namna ya kuvitumia. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuandika kuhusu kima punju wa msitu wa Jozani huhitaji kujua kwamba yaliyomo humwonyesha sura za kitabu, kwamba faharasa ya mwishoni humpeleka kwenye ukurasa hasa unaotaja jambo analolitafuta, na kwamba mnyama huyo huyo ana jina jengine katika vitabu vya Kiingereza. Kazi hizo ni ndogo kwa kuzitazama, lakini ndizo zinazomtenga mwanafunzi anayejitafutia na yule anayesubiri kuandikiwa ubaoni.

Daraja la lugha mbili

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na masomo mengi ya sekondari nayo husomwa kwa lugha hiyo. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa katika Kiswahili hujikuta, katika umri wa miaka kumi na kidogo, anasoma mambo mapya kwa lugha asiyoimudu. Hapo maktaba huwa daraja: mkutubi humpa hadithi za Kiingereza chepesi zilizopangwa kwa viwango, huweka kamusi za Kiingereza na Kiswahili mahali pa wazi, na hahesabu kusoma kwa Kiswahili kuwa kupoteza muda, maana anayezoea kufuata hoja ndefu katika lugha yake huhamisha uwezo huo kwenye lugha ya pili.

Kwa upande wa Kiswahili, mkutubi wa Unguja ana hazina ya jirani zake. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alimuumba mpelelezi Bwana Msa, na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960 ingali inafaa kwa msomaji kijana anayependa mafumbo. Wanafunzi wakubwa zaidi wana riwaya za Adam Shafi, zikiwamo Kuli na Vuta N'kuvute. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, naye anasomeka kwa Kiswahili tangu mwaka 2022, riwaya yake moja ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Mtoto wa Amani anayeikuta mitaa ya kisiwa chake ndani ya kitabu hutambua kuwa uandishi ni kazi ya watu wa kwao pia.

Unyevu, mchwa na upungufu wa nafasi

Hali ya hewa ya kisiwa ni adui wa karatasi. Mvua za masika, zinazonyesha kuanzia Machi hadi Mei, huleta unyevu unaootesha ukungu, huku mchwa wakipanda kwenye rafu za mbao kupitia ukutani. Mkutubi huziweka rafu mbali kidogo na ukuta, huacha nafasi baina ya vitabu, hukagua nyuma yake mara kwa mara, na hushona au kugundisha kurasa zilizolegea kabla hazijapotea. Vitabu vya msaada, vikiwamo vile vinavyotumwa Zanzibar na Book Aid International, shirika la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1954, hupunguza uhaba, lakini kila shehena ya msaada inahitaji mtu wa kuichambua na kuamua kipi kinawafaa watoto wa hapa.

Mafunzo ya ukutubi yapo, kwa mfano katika chuo cha Bagamoyo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na Maktaba Kuu ya Maisara ni mahali ambapo mwalimu anaweza kujionea maktaba inavyoendeshwa. Hata hivyo, katika skuli nyingi msimamizi wa maktaba ni mwalimu mwenye vipindi vyake kamili, ambaye huifungua maktaba pale tu anapopata mwanya, na mwanya huo ni nadra.

Kwa hiyo wakuu wa skuli wampunguzie vipindi mwalimu wa maktaba na waiingize maktaba katika ratiba ya kila darasa, kama yalivyo masomo mengine. Maafisa wa elimu wanapokagua skuli waulize vitabu vingapi viliazimwa mwezi uliopita, wasiridhike na idadi ya vilivyomo rafuni. Wazazi nao wamuulize mtoto anasoma kitabu gani, wampe mahali pa kusomea na wahakikishe kinarudi salama. Skuli isiyompa mkutubi wake muda ina ghala la vitabu, na watoto wa Amani wanastahili maktaba.