Bega la Chuma, Miaka Kumi Baadaye

Familia kadhaa za huku Nyeri na Karatina hutuuliza: "Daktari amesema bega la mama libadilishwe. Tuuze kipande cha shamba?" Uamuzi ni wao. Lakini kabla ya kuuza, afadhali kujua bega hilo litakuwaje mwaka wa kumi, si wiki ya kwanza tu.

Daktari wa mifupa huondoa kichwa cha mfupa wa mkono kilicholika au kuvunjika, akaweka cha chuma, na upande wa pili akatia kikombe cha plastiki. Kama kano za bega zimekatika, huweka kinyume: tufe upande wa bega, kikombe mkononi, ili msuli wa juu ndio uinue mkono. Mpango huo ulitoka kwa Grammont wa Ufaransa mwaka 1985.

Je, linadumu? Katika nchi zinazoweka hesabu, watu wapatao 9 kati ya 10 bado wana bega lile lile baada ya miaka 10. Hiyo ni habari njema, ila kudumu si kufanya kila kazi. Faida kubwa ni maumivu kupungua: mama analala usiku, anachana nywele, anavaa sweta bila kusaidiwa. Kupasua kuni au kuinua gunia la viazi, hapana. Kikombe hulegea polepole. (Wazee wengine husema watabeba kwa mkono mwingine. Sawa, usizidi tu.)

Kwa hivyo ajuza anayetaka usingizi hufaidika kuliko mwanamume anayetaka kurudi machimbo ya mawe. Uchunguzi wa Uingereza uliotolewa 2019 ulikadiria kwamba mwanamume 1 kati ya 4 waliofanyiwa wakiwa na miaka 55 hadi 59 atahitaji operesheni nyingine maishani, mara nyingi katika miaka mitano ya kwanza. Na ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Wengi huacha mazoezi mara maumivu yakiisha, kumbe kazi bado ni ya miezi. Bega likivimba, likiwa moto au likitoa usaha, hata baada ya miaka, rudi hospitali, usilipeleke kukandwa.

Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Omba ofisi ya hospitali ikuandikie italipa nini na nini kitabaki, kisha uongeze nauli ya matatu ya kila safari ya mazoezi.